Watu hawataki kuingia kamati

SWALI: Shikamoo anti. Mi ni katibu wa klabu yetu ya kijamii hapa Mikindani, tunachangiana, tunazikana, tunasherehekea pamoja, ila ikifika kuunda kamati wote kimya, wanaobeba ni walewale watatu na wamechoka. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Acha kuuliza mkutanoni "nani anajitolea", hapo kila mtu anamtazama mwenzie. Mfuate mmoja mmoja kwake, umwambie kazi yenyewe ni ipi na inaisha lini, mfano yule mama anayejua kupikia watu wengi mwambie asimamie jiko la shughuli ijayo tu, basi, atakubali maana ni kitu anakiweza. Wengi wanaogopa kamati sababu wanaona ukiingia hutoki, na kushika hela za watu nako mtihani jamani, so wekeni wawiliwawili, mgeni na mzoefu. Halafu msimu wa korosho, kuanzia Oktoba hivi, watu wako mashambani na minadani, usiitishe uchaguzi wakati huo utawalaumu bure. Na hao watatu wapumzisheni kweli, washukuruni mbele ya wote, mana watu wakiona waliojitolea wanasemwa vibaya nani ataingia?