Miezi minane natindua ukuta tu: kabla hujaingia kwenye uanagenzi soma hii

Kila matokeo ya sekondari yakitoka napata meseji zilezile, kaka nimemaliza shule, chuo sina uhakika nacho, nimesikia kuna sehemu wanachukua vijana wa uanagenzi, yaani unajifunza kazi huku unaifanya, niende au nisiende. Jibu langu huwa nenda, ila. Sasa hilo "ila" ndo linanimaliza vidole kila mwaka, kwahiyo nimeona niliandike hapa mara moja, mtu akiniuliza namtumia linki nalala.

Mi ni fundi umeme wa majengo. Nilianza nina miaka 18, nimetoka shule hata testa sijui inashikwaje. Sehemu ya kwanza kuingia ilikuwa kampuni kubwa tu, jina naliacha, magari yana nembo, unapewa ovaroli mpya, nyumbani kila mtu kafurahi kijana kapata pa kuanzia. Nikakaa miezi minane. Na miezi minane yote kazi yangu ilikuwa kutindua ukuta. Asubuhi napewa tindo na nyundo, fundi anachora mistari kwa chaki, mi natindua njia za paipu mpaka jioni vumbi liko hadi kwenye nyusi, alafu wakati wenzangu wanalaza paipu na kuvuta waya mi nishahamishiwa chumba kingine, natindua. Sikatai, kutindua nako kuna ufundi wake, wapo watu wanagonga hovyo mpaka plasta ya ukuta mzima inadondoka. Lakini hiyo wiki mbili umeijua. Iliyobaki yote nilikuwa kibarua wa bei chee aliyepewa jina la mwanagenzi.

Unajua nilijuaje kwamba natumikishwa? Daftari. Wala sio kwamba nilikuwa na akili sana, mama ndo aliniambia we mtoto andika saa zako wasije wakakupunja, basi kila jioni nikawa naandika tarehe, nimeingia saa ngapi nimetoka saa ngapi, nimefanya nini. Siku moja nipo mapumziko nikaanza kulipekua toka mwanzo. Tindua. Tindua. Beba ngazi. Tindua. Fagia saiti. Tindua. Nikapiga hesabu nikakuta nina saa 1,300 na kitu, katika hizo za kushika umeme wenyewe hata 40 hazifiki, na nyingi nilikuwa nimemshikia mtu tochi.

Nikamfuata msimamizi nikamwambia bosi naomba nami nianze kuvuta waya. Akanijibu dogo subiri zamu yako. Nikamuuliza zamu yangu lini, akawa hana jibu, na hakuwa ananificha, ukweli ni kwamba hakuna mtu pale aliyewahi kukaa chini akapanga mwanagenzi atajifunza nini mwezi gani. Hapo ndo nikaelewa. Hawakuwa watu wabaya, walikuwa na kazi nyingi na ukuta mwingi.

Baadae nilipoanza kufuatilia haya mambo nikakuta kuna nchi daftari sio suala la mama yako, ni sheria. Ujerumani wana sheria ya mafunzo ya kazi toka 1969, kijana anasaini mkataba na muajiri, mafunzo yanachukua kati ya miaka 2 na 3.5 kutegemea na kazi, wiki inagawanywa, siku kama tatu au nne yuko kazini na siku moja au mbili yuko shule ya ufundi. Na kuna kitabu cha kumbukumbu anachojaza, nini amefanya nini amefundishwa, anayemfundisha anasaini. Hajakijaza, haruhusiwi kukaa mtihani wa mwisho. Marekani nao uanagenzi uliosajiliwa una sheria yake ya 1937, ule wa kuhesabu muda unaanzia saa 2,000 za kazini na wanashauri angalau saa 144 za darasani kwa mwaka, kwa fundi umeme mara nyingi hufika saa 8,000 ambayo ni kama miaka minne. Sasa linganisha na mimi na saa zangu 40.

Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama huna muda wa kusoma yote soma huu tu, nunua daftari siku unayoanza. Kila siku mistari mitatu inatosha, umefanya nini, nani kakuonyesha, kipi hujaelewa. Kila mwisho wa mwezi lisome, kama mwezi wa tatu unafanana na mwezi wa kwanza, mwendee anayekusimamia nalo mkononi. Ukienda na maneno matupu utaonekana mvivu anayelalamika, ukienda na kurasa ni ngumu mtu kukubishia.

Alafu kuna Michael Faraday, huyu sisi watu wa umeme anatudai heshima. Alianza uanagenzi wa kujalidi vitabu kule London akiwa na miaka 14, akaufanya miaka saba. Kazi yake ilikuwa kushona karatasi na kubandika jalada, ila alikuwa anavisoma vile vitabu. Mwaka 1812 akapata tiketi za mihadhara ya mwanasayansi Humphry Davy, akaandika kila alichosikia, akayajalidi mwenyewe (si ndo kazi yake) akamtumia Davy. Mwaka uliofuata akapata kazi ya msaidizi wa maabara. Baadae ndo akagundua ile kanuni ambayo majenereta yanatumia kuzalisha umeme mpaka leo. Simaanishi daftari lako litakufanya Faraday, namaanisha dogo aliingia pale kwa kushona vitabu akatoka na fizikia.

Turudi kwetu. Sehemu ya pili niliyokwenda ilikuwa ya fundi mmoja, ana gari linalosukumwa ndo liwake, hana nembo hana ovaroli. Mama alisikitika kweli. Lakini wiki ya kwanza tu yule mzee akanipa kipande cha plaiwudi, swichi mbili, taa moja na waya, akasema nitengenezee taa ya ngazi, mtu awashe chini azime juu. Nikaunga, nikakosea. Hakuniambia nimekosea wapi. Akanipa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, akasema tafuta, akaondoka. Nilikaa na ule ubao siku mbili, nilitamani kulia, ila mpaka leo ukiniamsha usingizini nakuungia taa ya swichi mbili nimefumba macho.

Na usalama alifundisha kama vile ni dini. Zima mein swichi, ifunge kwa kufuli, ufunguo mfukoni kwako sio kwa mwingine. Kabla ya kugusa waya pima kipimo chako kwanza sehemu unayojua umeme upo, ndo upime pale unapotaka kugusa, alafu rudi upime tena pale pa kwanza, maana kipimo kilichokufa kinakwambia hakuna umeme wakati upo. Kule kwenye kampuni kubwa miezi minane hakuna aliyeniambia hili. Hata mara moja.

Ndo maana mtu akiniuliza nichague sehemu gani nasema usiangalie kampuni, angalia mtu. Kwenye usaili na we uliza, usikae kama mtuhumiwa. Nani hasa atanifundisha, na ana wanagenzi wangapi wengine? Fundi mmoja na vijana kumi hapo hamna mafunzo. Mwezi wa sita ntakuwa nafanya nini ambacho wa kwanza sifanyi? Nikimaliza napewa cheti gani na nani anakitoa, kinatambulika sehemu nyingine au ni karatasi ya hapa hapa tu? Vifaa vya kujikinga nanunua mimi au nyie? Nikiumia kazini inakuwaje? Mwenye mpango atakujibu bila kutafuta maneno. Ikiwezekana mtafute kijana aliyepita pale mwaka jana umuulize pembeni, huyo atakupa ukweli kuliko meneja.

Hela watu wanaogopa kuiuliza. Iulize. Mwanagenzi sio mwanafunzi tu, anazalisha, na Shirika la Kazi Duniani mwaka 2023 lilipitisha pendekezo maalum kuhusu uanagenzi bora, linataka mkataba wa maandishi na malipo ya kutosha ambayo yanaweza kupanda kadri unavyoiva. Mwanzo utalipwa kidogo, hilo likubali. Ila ukikuta muajiri anakutaka wewe ndo umlipe yeye, sijui hela ya fomu, hela ya nafasi, alafu ukamfanyie kazi, aga kwa adabu uondoke. Chuo kutoza ada ni jambo jingine.

Mkataba usaini baada ya kuusoma, nao usome ukiwa nyumbani na mtu mzima pembeni. Kipengele cha kuangalia sana ni cha kuondoka: kuna vinavyokubana ufanye kazi kwao miaka kadhaa baada ya kumaliza au ulipe gharama za mafunzo. Sio lazima iwe mbaya, ila ujue mapema.

Kwa mlio bado shuleni, msidharau hesabu jamani. Mi nilikuwa najiambia ntaenda ufundi nikaachane na hesabu, kumbe ndo nazifuata. Mteja ana hita ya wati 2,300 kwenye volti 230, inavuta ampia 10, hiyo ni kugawanya tu lakini ukiikosea unamuwekea waya mwembamba, unapata moto, na siku nyumba inaungua hakuna atakayekumbuka kwamba ulikuwa mwanagenzi. Likizo zitumieni kwenda kuangalia kazi kwa karibu hata siku tatu, uone kama mgongo na roho vinakubali. Na kama hujafika 18 kuna kazi hutakiwi kupewa kabisa, mkataba wa kimataifa Na. 138 wa 1973 unasema kazi za hatari ni kuanzia miaka 18, ikishuka sana 16 na hapo kwa ulinzi kamili na mafunzo. Ukiambiwa panda juu kule kamba hatuna, kataa.

Sasa hivi nina mwanagenzi wangu mwenyewe, binti, mwaka wake wa kwanza huu. Daftari anaandika, kila Ijumaa nalisaini. Wiki iliyopita nakuta ameandika: "Leo nimebeba ngazi siku nzima. Fundi hajanionyesha kitu." Niliutazama ule mstari muda, nikasaini. Jumatatu ngazi nikabeba mimi, yeye nikampa multimita.