Kabla ya kufungua grupu la wateja, panga gereji yako

Pita mtaa wowote wa maduka hapa Masasi utaona namba ya WhatsApp imebandikwa mlangoni, chini yake wameandika "jiunge na grupu letu". Jiunge uone. Utakuta maua ya "asubuhi njema", mabishano ya Simba na Yanga, mtu anauza kiwanja, na mwenye duka mwenyewe hajaandika kitu tangu mwezi uliopita. Halafu huyo huyo atakwambia biashara ya mtandaoni ni ya watu wa Dar, huku kusini haishiki.

Inashika. Mimi ni fundi pikipiki, gereji yangu iko hapa hapa Masasi, na wateja wengi ninaowahudumia sasa wananifikia kwa simu kabla hatujaonana. Ila nina msimamo ambao watoa semina za ujasiriamali hawaupendi: grupu la wateja linafunguliwa mwisho. La kwanza ni la kazini, la mafundi wa gereji yako. Ukiwakaribisha watu mia mbili kwenye gereji ambayo pikipiki inalala siku nne na hakuna anayejua inasubiri nini, hujaita wateja, umeita mashahidi.

Nianze na hilo la kulala, maana ndiko pesa inakopotelea. Watu hudhani gereji inachelewesha kazi kwa sababu mafundi ni wachache au wavivu. Kaa siku nzima uangalie. Pikipiki iliyokaa muda mrefu ni nadra iwe inasubiri spana. Inasubiri spea, au inasubiri ruhusa ya pesa. Bodaboda wengi wa huku pikipiki si zao. Ni za tajiri, ndivyo tunavyomwita mwenye pikipiki. Dereva yuko kwenye mkataba au anapeleka hesabu kila jioni. Injini ikifunguliwa ikakutwa pistoni imechubuka, dereva hawezi kusema "weka mpya". Ampigie tajiri kwanza. Tajiri yuko kikaoni, au yuko shamba, na akipokea anahisi fundi na dereva wamepanga kumla. "Subirini nije mwenyewe." Anakuja Jumamosi. Siku zote hizo benchi lako limejaa, dereva hana hesabu, na fundi aliyefungua injini ameshasahau boliti ipi ilitoka wapi.

Dawa ya jambo hili ni picha, lakini picha zenye utaratibu. Pikipiki ikiingia inapigwa mbele, nyuma, ubavuni na kwenye dashibodi, kilomita na mafuta yaonekane. (Hiyo ya mbele ni kwa ajili ya vioo. Ugomvi wa "nilikuja na kioo cha kushoto" umekwisha kabisa.) Kisha inapewa namba, namba inaandikwa kwenye ubao, na tangu hapo kwenye grupu la kazini inaitwa kwa namba hiyo, siyo "ile Boxer nyekundu", kwa sababu Boxer nyekundu zinaweza kuwa tano. Kifaa kikikutwa kibovu kinapigwa picha pembeni ya kipya, boksi na bei vikiwa vinaonekana. Picha moja inakwenda grupu la kazini, nyingine kwa tajiri.

Kuna mwalimu mmoja wa Ndanda ana pikipiki kadhaa barabarani. Nilimtumia picha ya pistoni nikaandika:

"Mwalimu, shikamoo. Hii ndiyo pistoni ya pikipiki yako. Hiyo mistari ndiyo imechimbika. Ya pembeni ni mpya."

"Marahaba. Imechimbwa na nini?"

"Vumbi. Eya klina, ile ya kuchuja hewa, haimo. Dereva anasema pikipiki ilikuwa nzito wakaitoa."

"Nani aliitoa?"

Hapo nikanyamaza, hilo si la fundi. Kidogo akaandika tena: "Weka mpya. Na eya klina weka. Huyo nitaongea naye."

Mazungumzo hayo hayakuchukua hata nusu saa, na injini ilifungwa jioni ile ile. Lakini faida kubwa ilikuja baadaye, pikipiki zake nyingine zilipoanza kuletwa kwangu bila mimi kuziomba. Tajiri akishaona ndani ya injini yake bila kupanda gari, hana sababu ya kutafuta fundi mwingine, na matajiri wanajuana. Kwa hesabu zangu, picha kwa tajiri zimeniletea kazi nyingi kuliko tangazo lolote nililowahi kubandika.

Grupu la kazini lenyewe halihitaji watu wengi wala maneno mengi. Asubuhi ubao unapigwa picha, kila mtu anaona zake. Oda ya spea inaandikwa kwa maneno: namba ya pikipiki, aina, jina la spea, nani anaihitaji. Ujumbe wa sauti kwenye oda nimeukataza, na vijana walininunia. Sauti huwezi kuitafuta. Neno "klachi" ukiliandika leo, wiki ijayo unalitafuta kwenye simu linakuja na tarehe yake. Sauti itabidi usikilize zote, pamoja na mluzi na kelele za grenda. Saa kumi jioni orodha inafungwa, inatumwa Kariakoo mara moja, mzigo unakuja na basi kama kifurushi kimoja. Kila fundi akiagiza kivyake, kila mmoja analipa nauli ya kifurushi chake, na gharama hiyo mteja hataki kuisikia.

Jambo moja zaidi kuhusu grupu hili: usimgombeze kijana humo ndani. Mwite pembeni. Ukimwaibisha mbele ya wenzake kwa kukaza boliti ikakatika, boliti ijayo ikikatika ataifunika na grisi, na wewe utaijua pikipiki ikirudi imevuja oili.

Kuna grupu la pili ambalo wenye biashara ndogo wengi wanalipuuza kwa sababu halina wateja: la mafundi wenzako. Wengi wanaogopa kumfundisha mshindani. Mimi naona fundi wa Songea, wa Lindi au wa Tandahimba si mshindani wangu, mteja wangu hawezi kusukuma pikipiki mpaka Songea. Ni akiba. Mei 2024 ndiyo ilithibitisha. Mvua zilikuwa zimeharibu barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, ikakatika maeneo ya Somanga, kimbunga Hidaya nacho kikapita mwanzoni mwa mwezi ule ule. Mabasi hayapiti, kwa hiyo spea hakuna. Kwenye grupu la mafundi ndiko tulikopata njia: wa Songea alikuwa na ringi na sproketi, mzigo ukaja kupitia Tunduru. Wateja waliona kazi zinaendelea, wachache tu ndio walijua kilichofanyika.

Mwezi huo huo, tarehe 12, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti karibu nchi nzima ikawa inasuasua. Ndipo unapogundua nani amejipanga. Simu ya kawaida na meseji vilifanya kazi, lakini vinamsaidia mwenye namba tu. Andika namba za wauza spea, matajiri na mafundi kwenye daftari, daftari likae gereji. Ukiacha kila kitu ndani ya grupu, siku intaneti ikigoma gereji nayo inasimama.

Kwenye grupu la mafundi kuna adabu yake. Ukiuliza, weka picha, taja aina ya pikipiki na ulichokwisha kujaribu. Ukisaidiwa, rudi useme ilikuwa nini. Kuna watu wanauliza "jamani pikipiki haiwaki msaada", wanajibiwa na mafundi kumi, pikipiki inawaka, wanapotea mpaka shida nyingine. Hao mimi siwajibu tena. Mrejesho ndio malipo pekee anayopata aliyekusaidia, na ndio unaomfaa mwingine atakayekutana na tatizo hilo hilo.

Sasa wateja. WhatsApp inaruhusu watu 1,024 kwenye grupu moja, nawe huwahitaji wote hao. Grupu dogo la vijiwe unavyovifahamu linafanya kazi kuliko kubwa la watu walioongezwa kwa nguvu. Usimwongeze mtu bila kumuuliza. Licha ya kuwa ni utovu wa adabu, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na namba ya simu ya mtu ni taarifa yake. Ukitaka kutuma tangazo bila watu kuonana namba, tumia orodha ya matangazo. Inachukua hadi watu 256, ila ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Ndiyo maana wakati wa kumrudishia mteja ufunguo namwambia, "Bosi, nihifadhi hapo hapo nikiona." Wanacheka, wanahifadhi.

Ushauri wa kuandika kila siku siukubali. Andika ukiwa na cha kusema: spea zimeingia, bei ya tairi imebadilika, Jumapili tutafungua. Bei za ufundi weka kwenye katalogi ya WhatsApp Business, programu ni ya bure, na tayari umepunguza nusu ya simu za "kubadilisha cheni shilingi ngapi". Video waonee huruma, bando ni pesa. Na usisahau kwamba kwenye kijiwe kizima wenye simu janja wanaweza kuwa wawili, waliobaki wana kitochi. Ujumbe wako mwenye simu janja atawasomea wenzake kwa sauti, kwa hiyo uwe mfupi na usomeke.

Kinachovuta watu kuliko matangazo ni majibu. Nina desturi ya kuwaambia wateja wasilete pikipiki inayotoa moshi kabla hawajaniandikia ni moshi wa rangi gani. Mweusi, maana yake petroli ni nyingi kuliko hewa, aghalabu eya klina imeziba au kabureta inataka kurekebishwa. Hiyo ni kazi ya muda mfupi, njoo asubuhi uondoke. Wa bluu, oili inaungua, ringi au sili za valvu zimechoka. Hapo naandaa spea na namwambia dereva aongee na tajiri wake kabla hajafika. Ona jambo hili linavyofanya kazi mbili. Dereva anafurahi ameshauriwa bure, na mimi nimeshajua benchi la kesho litakuwa na nini. Majibu ya aina hii yahifadhi kwenye majibu ya haraka ya programu ile ile, usiandike upya kila mara.

Mfano mwingine ni mashine za kupulizia korosho. Kuanzia Juni hivi, watu wanapopiga salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, gereji nyingi za huku hupokea mashine zilizokwama pistoni. Injini ya mashine hizo haina oili yake chini kama pikipiki. Inalainishwa na oili inayochanganywa kwenye petroli. Ukitia petroli tupu, inaungua mchana huo huo. Kabla ya msimu natuma ujumbe mmoja: changanya oili kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mashine yako, usikadirie kwa macho. Kuna fundi mwenzangu aliniambia najinyima kazi. Sioni hivyo. Mkulima ambaye mashine yake haikufa katikati ya kupulizia atauza korosho Oktoba au Novemba, na akipata pesa ananunua pikipiki. Nataka anifahamu kabla ya hapo.

Lalamiko likiingia mbele ya watu, lijibu mbele ya watu, na picha ya kazi ukiwa nayo, kisha malizaneni faragha. Kulifuta ni kukiri. Malipo yaangalie kwenye simu yako mwenyewe; skrinshoti ya muamala mtu yeyote anaweza kuitengeneza. Laini ya gereji iwe ya gereji, siyo ya kijana wa mapokezi anayeweza kuhama kesho na wateja wote mfukoni. Wasimamizi wa grupu wawe zaidi ya mmoja, uthibitisho wa hatua mbili uwashwe, na ile namba ya tarakimu sita ya WhatsApp asipewe mtu, hata akijitambulisha ni nani.

Ukitaka kuanza, kwa huku kwetu Machi na Aprili ndio wakati wake. Pesa ya korosho imekwisha mifukoni, mvua bado zipo, kazi ni chache na vijana wana muda wa kuzoea ubao na picha. Grupu la kazini likishakaa sawa, Mei waalike matajiri na vijiwe viwili vitatu vya jirani. Juni mashine za kupulizia zikianza kuletwa, hutapata hata nafasi ya kuchaji simu.