Kubuni Barua Pepe Bila Kuona: Achana na Kuburuta, Shika Msimbo

Wiki iliyopita kijana mmoja kutoka Juja aliniandikia hivi: "Dada, habari. Nimepata nafasi ya majaribio katika idara ya masoko, lakini programu wanayotumia kubuni barua pepe haielewani kabisa na NVDA, kisoma skrini changu. Nikibonyeza Tab nasikia kitufe, kitufe, kitufe. Wenzangu wameshaanza kunionea huruma. Niache?"

Wa aina yake nimewajibu wengi faraghani. Leo najibu hadharani, maana najua mnaonisoma mnazitaka kazi hizi za mtandaoni kama nilivyozitaka mimi, tena mna haki ya kuzitaka.

Usiache. Ila acha kubishana na hiyo programu. Imejengwa kwa mtu wa kipanya: anashika kipande cha picha huku, anakiburuta, anakidondosha kule. Kisoma skrini, ile programu inayotusomea kwa sauti sisi tusioona, hakina cha kushika. Na aliyevitengeneza vile vitufe aliweka alama za kuonekana tu bila kuzipa jina, kwa hiyo NVDA inakutajia aina ya kitu na kunyamaza. Anayeona anaona pipa la taka. Wewe unasikia kitufe kama vingine, na utajua ni cha kufuta pale aya yako itakapotoweka. Wengi wetu tunadhani vidole vyetu ndivyo vizito. Vidole havina kosa.

Mimi nilianzia katika kampuni moja ya matangazo hapa Nairobi, jina lake silitaji. Niliajiriwa kuandika maneno ya matangazo. Walipoanza kutuma barua pepe za wateja, nikaomba nijaribu. Mkubwa wangu akacheka kidogo, akasema, "Dada, tunakupenda, lakini hii kazi inataka macho." Haikuchukua muda nikahamishiwa mapokezi nipokee simu. Mnajua wenyewe: ukiwa huoni katika nchi hii, mtu akikupa ajira kichwani mwake tayari kuna simu na kiti. Sauti yake bado ninaisikia nikiwa kwenye matatu, nami nikikumbuka huwa naongeza bei ya mteja anayefuata. (Natania. Kidogo.)

Kati ya simu na simu nikajifunza HTML, msimbo unaojenga tovuti na barua pepe. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo kile kicheko kilikuwa hakijui. Msimbo wa barua pepe ni wa kizamani mno. Wakati tovuti zimesonga mbele, barua pepe imebaki kujengwa kwa majedwali, sababu kubwa ikiwa Outlook ya Windows, programu ya kusomea barua pepe, ambayo tangu toleo la 2007 ilianza kuchora barua kwa injini ya Word, isiyoelewa mbinu mpya za tovuti. Wabunifu wanaoona wanalia na jambo hilo kila siku. Kwetu sisi ni neema: vitambulisho (tag) ni vichache, mpangilio unajirudia, na barua nzima unaweza kuibeba kichwani.

Kisha nikakutana na MJML. Ni lugha ya bure ya kuandikia barua pepe, iliyotoka kampuni ya Mailjet ya Ufaransa mwaka 2016. Unaandika mj-section (sehemu), ndani yake mj-column (safu wima), ndani yake mj-text (maandishi) au mj-image (picha), na yenyewe inazalisha yale majedwali marefu. Zaidi ya hapo, inayawekea role="presentation", yaani inamwambia kisoma skrini: hili jedwali ni la kupanga tu, usimsumbue mtu kwa "safu ya kwanza, safu wima ya pili". Naandika ndani ya VS Code, programu ya kuandikia msimbo, nimeiwekea NVDA mipangilio ya kutangaza kwa mlio nafasi iliyoachwa mwanzoni mwa mstari. Nikiingia ndani ya column mlio unapanda, nikitoka unashuka. Nikisahau kufunga kitambulisho, sikio linanishtua kabla sijafika mwisho wa faili. Nikimaliza nanakili HTML iliyotoka, naibandika kwenye huduma ya kutuma. Huduma nyingi zina nafasi hiyo. Mailchimp, kwa mfano, inakuruhusu kubandika msimbo wako mwenyewe. Hakuna kuburuta chochote.

Na pesa isiwe kisingizio. NVDA ni bure. Aliyeianzisha mwaka 2006, Michael Curran wa Australia, mwenyewe haoni. Nimewahi kufanya kazi kwa JAWS, kisoma skrini cha kulipia, toleo la majaribio, lile linalokupa dakika 40 kisha linakulazimu uiwashe kompyuta upya, na simtakii hata yule mkubwa wangu.

Rangi je? Hili swali halikosi. Rangi ni namba. Viwango vya WCAG, vile vya kimataifa vya kurahisishia watu wenye ulemavu matumizi ya mtandao, vinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, na maandishi makubwa 3 kwa 1. Unaingiza namba mbili za rangi kwenye kikokotoo, kinakupa jibu. Mwisho kabisa namlipa kijana wa mtaani kwetu aniangalizie kama picha imekaa sawa. Mhasibu naye hukaguliwa hesabu zake, na sijasikia mtu akimwambia kazi hiyo si yake.

Sasa niwape habari njema. Mwezi uliopita sacco moja ya hapa mjini imenipa barua zake zote za wanachama. Nao walikuwa na wasiwasi ule ule. Mbele ya kamati sikujieleza sana. Nilichomeka spika kwenye laptopu, nikafungua barua waliyowatumia wanachama kuhusu mkutano mkuu, nikabonyeza mshale wa chini. NVDA ikasema ni picha, tena ni kiungo, kisha ikaanza kusoma jina la faili: herufi na tarakimu zisizo na kichwa wala miguu. Nikabonyeza tena. Ikaruka hadi kwenye kiungo cha kujiondoa. Basi, barua imekwisha.

Mwenyekiti akauliza, "Na tarehe ya mkutano je?"

"Iko ndani ya picha, mzee. Pamoja na gawio na namba ya Paybill."

Kimya. Nikawaongezea kwamba Outlook kwa kawaida huzuia picha za mtandaoni mpaka mtu aruhusu, kwa hiyo hata wanachama wenye macho mazima huenda walipokea kiboksi kitupu. Hapo ndipo mweka hazina alipotoa kalamu.

Kisha nikawasikilizisha barua nyingine, hii ikiwa na maandishi halisi. Ilikuwa ya Kiswahili, lakini huduma yao ilikuwa imeitambulisha kwa lang="en", yaani kwamba ni ya Kiingereza. Sauti ya Kiingereza ikasoma "wale wanachama wa pale" kama Mzungu aliyeshuka JKIA jana. Nikabadilisha ikawa lang="sw", na eSpeak NG, programu ya sauti inayokuja na NVDA, ikahamia Kiswahili papo hapo. Kamati nzima ilicheka, na safari hii kicheko kilikuwa upande wangu. Kwenye MJML kazi yote hiyo ni neno moja juu kabisa ya faili: <mjml lang="sw">.

Kwa hiyo kijana wangu, na wengine wote: kichwa cha habari kiwe kichwa kweli, kwa vitambulisho vya h1 na h2, si maandishi yaliyonenepeshwa tu, maana tunaruka kwa kubonyeza H. Picha yenye ujumbe iandikiwe maandishi mbadala (alt) yanayosema ule ujumbe; ya mapambo iachiwe alt="" tupu ili tuipite. Kiungo kijitaje. Mtu anayefungua orodha ya viungo kwa kitufe cha NVDA pamoja na F7 akakuta "bofya hapa, bofya hapa, bofya hapa" umempeleka wapi? "Pakua taarifa ya mkopo" inatosha. Paybill iwe maandishi, mtu ainakili. Narudia: iwe maandishi. Na emoji punguzeni kwenye mada. Nimepokea barua iliyoanza na "moto, moto, moto, moto" ndipo nikaambiwa riba imeshuka.

Nyinyi mnaoona, mnaosoma hapa kwa kupita, acheni kutuma mabango ya picha halafu mseme mmewajulisha wateja. Hamjawajulisha. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata habari, sawa na haki ya kufika mahali na kupanda gari la umma. Si fadhila ya idara ya masoko. Na nyinyi wenzangu msioona, acheni kuingia ofisini mkiomba mvumiliwe. Mkiomba kuvumiliwa mtapewa simu. Ingieni na spika. Fungueni barua yao wenyewe, wasikie.

Jumatatu ukifika kazini, omba barua moja tu iliyokwisha kutumwa, iandike upya kwa MJML, umpelekee msimamizi wako zote mbili azisikilize. Usimweleze kwanza, mpe vipokea sauti vya masikioni. Akikataa kuvivaa, niambie ni kampuni gani. Sitaiandika hapa, ila nitajua pa kutopeleka maombi yangu.

Ukikwama kwenye column zinazogoma kukaa sambamba, niandikie. Na tafadhali, hili ni kwenu nyote: tumeni msimbo wenyewe, si picha ya skrini.