Kaunta buku ya marefa: ushauri kwa shabiki anayeonewa

Kaunta buku yenyewe niliinunua kwa hasira. Ilikuwa Jumatatu, siku moja baada ya mechi ya ligi ambayo sitaitaja, mkoani, ambapo mshambuliaji wetu alivutwa jezi ndani ya boksi hadi ikabaki shingoni kama skafu, na refa akanyoosha mikono kuonyesha mchezo uendelee. Tulitoka sare. Usiku ule sikula. Asubuhi nikaingia dukani, nikachukua kaunta buku na kalamu nyekundu, na juu ya ukurasa wa kwanza nikaandika kwa herufi kubwa: YANGA TUNAVYOONEWA. Nia ilikuwa moja tu: msimu ukiisha nimtupie shemeji yangu mezani, yeye Simba wa damu, akose pa kutokea.

Nawaandikia nyie ambao kila wikiendi mnatoka kibanda umiza sauti zimekauka. Siwaambii muache kulalamika, mimi mwenyewe sijaacha. Ila kuna kulalamika kwa kujifariji, na kuna kulalamika mpaka mtani akanyamaza. Hii ya pili ina kazi.

Kazi ya kwanza: andika kabla ya marudio. Refa anaona tukio mara moja tu, tena akikimbia, na pengine migongo minne imemziba. Sisi tunaliona mara sita kwa mwendo wa konokono, halafu tunasema hata kipofu kaona. Nikajiwekea utaratibu: likitokea tukio, naandika dakika na uamuzi ambao ningeutoa mimi, ndipo nainua macho kutazama marudio. Jaribuni Jumamosi hii. Mimi wiki ya kwanza nilitaka kuichana ile karatasi.

Nilichemka zaidi kwenye kuotea. Kamera kubwa ya televisheni inakaa katikati ya uwanja, haiko sambamba na beki wa mwisho, kwa hiyo mpira ukiwa karibu na boksi picha inakudanganya kwa hatua nzima. Pili, nilikuwa namtazama mshambuliaji anapopokea pasi, wakati sheria inataka alipokuwa pasi inapopigwa. Tatu, mikono haihesabiwi, ni kichwa, kiwiliwili na miguu. Na mpira wa kurusha hauna kuotea hata mtu akisimama peke yake na kipa. Hili la mwisho nimeshawahi kulipigia kelele mbele ya watu arobaini nikiwa na uhakika wote. Aliyenirekebisha ni kijana aliyekuwa anauza karanga.

Kuunawa nako ni hivyohivyo. "Mkono ni mkono" ni msemo wa kijiweni, haumo kwenye sheria kumi na saba. Refa anatazama kama mchezaji ameupeleka mkono kwenye mpira kwa makusudi, au ameutanua mkono akaufanya mwili kuwa mkubwa kuliko ilivyo kawaida kwa kile anachokifanya. Beki aliyepigwa shuti kutoka hatua moja huku mkono umebana ubavuni hana kesi. Mfungaji ndiye hana huruma: mpira ukimgusa mkononi, hata kwa bahati mbaya, na papo hapo akafunga, bao halihesabiwi. Someni sheria zenyewe, si ndefu. Nusu ya kurasa zangu za mwanzo nilizifuta baada ya kuzisoma, na zile zilizobaki zikawa nzito kweli.

Sasa nije kwa shemeji, maana bila yeye ile buku ingebaki kuwa kitabu cha machozi. Alikuja nyumbani Idi, akaikuta juu ya friji, akaanza kufunua. Nikamwacha asome, moyoni nafurahi. Akafika mwisho, akarudi mwanzo, akauliza kwa sauti ya upole kabisa:

"Shem, ukurasa wa mliyobebwa uko wapi?"

Nikamwambia haupo kwa sababu hatujabebwa. Alicheka mpaka dada akatoka jikoni. Kisha akaomba kalamu, na palepale tukawekeana mkataba: yeye ataandika tunavyobebwa sisi, mimi niandike wanavyobebwa wao, na kila mmoja ataje dakika na refa alikuwa amesimama wapi. Wiki ya tatu akaniletea jambo ambalo mpaka leo linanikera. Beki wetu alimvuta jezi mshambuliaji wa timu ngeni, ndani ya boksi letu, refa akapeta. Mvuto uleule! Na mimi nilikuwepo uwanjani, jukwaa la upande huohuo, siku hiyo sina hata simu mkononi ya kunipoteza. Sikuliona. Si kwamba nililisahau. Kwenye kichwa changu lile tukio halikuwahi kutokea.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ndio huu: mpe mtani kalamu. Usimpe Mwananchi mwenzako, yaani shabiki wa Yanga kama wewe, atakuandikia unachotaka kusikia. Mpe yule anayekutania kazini kila Jumatatu, tena ajue kuwa na wewe unamwandikia yake.

Kuna ukurasa mmoja ambao sikuhitaji mtu wa kunisaidia kuuandika. Tarehe 5 Aprili 2024, Loftus Versfeld, Pretoria, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, sisi na Mamelodi Sundowns. Kwa Mkapa tulikuwa tumetoka suluhu. Kipindi cha pili kiungo wetu Aziz Ki akapiga shuti, likagonga mtambaa panya, likadunda chini, likatoka. Kibanda kizima kilikuwa juu ya meza. Refa akaacha mchezo uendelee, VAR, yaani waamuzi wa kutazama marudio ya video, ilikuwepo, na bao halikutolewa. Tukaisha 0-0, tukaenda kwenye matuta, tukatolewa 3-2.

Hapa naomba mnisome taratibu, maana ndipo wengi tunapoharibu kesi nzuri. Sheria inasema mpira wote uvuke mstari wote. Mpira una upana wa kama sentimita 22, na unagusa nyasi kwa kitovu chake tu. Maana yake ukidunda sentimita tano nyuma ya mstari, ubavu wake bado uko juu ya mstari na hilo si bao. Lazima udunde zaidi ya sentimita 11 ndani. Anayesema "ulidunda ndani, basi goli" hajathibitisha kitu. Mimi nimeitazama ile picha mara nyingi kuliko picha za harusi yangu, na bado nasema liliingia. Lakini nasema hivyo kwa umbali wa kati ya mpira na mstari, si kwa uchungu wa kutolewa. Na pale Pretoria hapakuwa na teknolojia ya mstari wa goli, ile inayomtetemeshea refa saa. VAR ilibaki na picha za kamera za kawaida, na itifaki yake inataka kosa liwe la wazi ndipo uamuzi wa uwanjani ubadilishwe.

Usiku uleule kijiweni jibu lilikuwa limeshapatikana: rais wa CAF (shirikisho la soka Afrika), Patrice Motsepe, ndiye aliyekuwa mwenye Sundowns, na klabu iko kwenye familia yake. Ni kweli. Lakini ukweli huo hauonyeshi mpira ulidunda wapi, na ukiuchanganya na hoja ya sentimita unampa mtani mahali pa kutorokea. Ataacha kujibu la mpira, atakuuliza ushahidi wa njama, na huo huna.

Malalamiko yenye picha huwa yanafika mahali, hata kama hayakurudishii mechi yako. Mwaka 2010 kule Bloemfontein, Frank Lampard wa Uingereza aliifunga Ujerumani bao lililovuka mstari kwa umbali ambao hata aliyekaa jukwaa la nyuma angeuona, refa akalikataa. Uingereza walifungwa 4-1, wakarudi kwao. Miaka miwili baadaye teknolojia ya mstari ikapitishwa, na Kombe la Dunia la 2014 ikatumika.

Kususa ndiko sikushauri kabisa, iwe klabu au shabiki. Wydad ya Morocco walisusa fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika ya 2019 dhidi ya Espérance, pale Radès, Tunisia. Bao lao la kusawazisha lilikataliwa kwa kuotea, wakaomba VAR, VAR ikawa haifanyi kazi, wakagoma kuendelea. Ukiniuliza, walikuwa na kila sababu ya kukasirika. CAF iliamuru mechi irudiwe, kesi ikafika mahakama ya michezo, na mwisho wa yote kombe likabaki kwa Espérance.

Kwetu, barua yenye dakika na kipande cha video inakwenda Bodi ya Ligi, na Kamati ya Saa 72 inapitia. Mara kadhaa tumesoma waamuzi wakiondolewa kwa mizunguko kadhaa kwa kushindwa kutafsiri sheria. Pointi hazirudi, najua. Kama wewe ni mwanachama, uliza tawini kwako kama barua imeandikwa kabla hujarusha matusi mtandaoni.

Na namba za simu za marefa, achaneni nazo. Kwenye grupu letu mtu alirusha namba akidai ni ya refa wa siku ile, watu wakatuma laana mpaka alfajiri. Namba ilikuwa ya fundi cherehani. Hata ingekuwa ya refa mwenyewe, sijui tulitaka ajibu nini.

Mkeka wa hasira, yaani kubeti kwa kulipiza, nao ni hasara tupu. Timu ikionewa leo, kesho haitashinda kwa sababu imeonewa.

Ile buku sasa imejaa na tuko kwenye ya pili. Ya kwanza iko kwa shemeji. Wiki iliyopita nilipita kwake nikaifungua ule ukurasa wa Pretoria, ambao nilikuwa nimeandika neno moja tu kwa wino mwekundu: GOLI. Chini yake, kwa bluu, palikuwa na mwandiko wake. Usiku ule wao nao walikuwa wametolewa na Al Ahly kule Cairo, bila refa wa kumsingizia, kwa hiyo sikutarajia huruma. Alikuwa ameandika: "Goli. Nimepima." Halafu mstari wa pili: "Ila matuta mlikosa wenyewe, Shem."