Denon au Yamaha? Geuza Kwanza Mgongo wa Risiva

Risiva yangu ya kwanza ya kuendesha spika iliishi sebuleni kwangu kwa muda usiofika dakika moja. Ilikuwa mali ya Japani, nyeusi, nzito, kioo cha mbele hakina hata mchubuko, na niliinunua Kariakoo kwa bei iliyonifanya nirudi nyumbani nikijiona mjanja. Nikaichomeka ukutani. Taa nyekundu ikawaka, mashine ikaunguruma kidogo kama mtu anayetaka kukohoa, kisha pah! Harufu ya vanishi iliyoungua ikajaa chumba kizima. Fundi alipoifungua alinionyesha transfoma iliyobadilika rangi, halafu akaigeuza na kuweka kidole pale waya wa umeme unapoingilia. Palikuwa na maandishi madogo meupe: AC 100V. Umeme wetu ni volti 230.

"Sasa kaka, hapa uliona nini?" akaniuliza. Sikuwa na jibu. Sikuwa nimeangalia.

Mwaka huu nimenunua nyingine, bado ipo hai, na tangu niiweke wageni watatu wameniuliza swali lilelile: kati ya Denon na Yamaha, majina mawili ya risiva, ipi kali? Nitawajibu hapa mara moja, ila jibu langu halianzii kwenye jina.

Kwanza tuelewane. Ninaposema risiva sizungumzii king'amuzi, ingawa ukiulizia risiva maduka mengi ya mtaani ndicho utakachopewa. Sizungumzii sabufa, lile boksi la besi lenye vispika viwili ambalo siku hizi halikosi kwenye kibanda cha chipsi. Wala hom thieta ya boksi moja yenye mlango wa DVD. Risiva ni mashine inayopokea kila ulicho nacho, king'amuzi, kompyuta, gemu la watoto, ikapeleka picha kwenye TV na kuigawa sauti kwenye spika ulizochagua mwenyewe. Mashine ikifa, spika zinabaki. Spika zikichoka, mashine inabaki. Ile ya boksi moja, mlango wa DVD ukigoma umebakiwa na stuli.

Zilizonikosesha usingizi zilikuwa mbili, zote zimetumika. Denon AVR-X1600H ya mwaka 2019, na Yamaha RX-V485 ya mwaka mmoja kabla yake. Maduka tofauti, unatembea dakika mbili kutoka moja hadi jingine. Denon laki nane, Yamaha laki sita na nusu. Kwa makaratasi hapakuwa na mechi. Denon ina chaneli saba (kila chaneli ni njia ya spika moja) na matundu mawili ya sabufa, hapa nikimaanisha spika ya besi peke yake, inacheza Dolby Atmos, ile sauti inayotoka hadi juu ya kichwa, ina matundu sita ya HDMI, waya unaobeba picha na sauti pamoja, ya kuingiza. Yamaha ina chaneli tano na tundu moja la sabufa, haina Atmos, HDMI za kuingiza ni nne. Muuza Denon alilijua hilo vizuri sana, na alikataa kushuka hata elfu kumi.

Alichonisisitizia yeye ni wati, na hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo wengi tunapopigwa.

Denon hiyohiyo ukiisoma sehemu moja utakuta wati 80 kwa chaneli. Sehemu nyingine utakuta 145. Hakuna aliyedanganya. Ile 80 imepimwa kwa spika za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika, ikiwa ndogo mashine inabeba mzigo mkubwa), chaneli mbili zikifanya kazi kwa pamoja, kuanzia besi ya hezi 20 hadi kule juu 20,000. Ile 145 imepimwa kwa omu 6, chaneli moja peke yake, kwa mlio mmoja tu wa kilohezi 1. Ni sawa na mtu kukwambia pikipiki yake inafika 120 bila kukutajia kwamba ilikuwa inashuka mlima Kitonga. Yamaha nayo imeandikwa 80, chaneli mbili zikifanya kazi, ila kwa omu 6. Kwa hiyo 80 ya Denon ina nyama zaidi kidogo, na muuzaji angeniambia hivyo ningemheshimu. Yeye alishikilia 145.

Na hata ungezipata wati za ziada, je? Kutoka wati 80 hadi 100 unaongeza desibeli 1, kiasi ambacho sikio linakipata kwa shida. Ukitaka sauti uisikie imekuwa kubwa maradufu, unahitaji nguvu kama mara kumi. Lakini spika yenye uwezo wa desibeli 90, yaani sauti inayotoa kwa nguvu ileile, ukiilinganisha na ya 87, tofauti hiyo ya 3 ni sawa na kuzidisha nguvu ya risiva mara mbili, bila kuigusa risiva yenyewe. Namba hiyo imeandikwa nyuma ya spika nyingi na hakuna mteja anayeiuliza. Ukiwa na laki mbili za ziada, zipeleke huko.

Zile sabufa za boksi zinazoandikwa wati 12,000 PMPO, namba ya kuvutia wateja tu, sina la kusema, ila nilipogeuza moja ya jirani yangu nilikuta imeandikwa kwamba inakula wati 60 za umeme. Inakula 60, inatoa 12,000. Tungeiunganisha kwenye gridi ya taifa tukapumzika.

Basi nikamwomba mwenye Denon aigeuze.

"Bosi, hii chuma. Imetoka Marekani moja kwa moja."

"Ndiyo maana nataka uigeuze."

Akaigeuza taratibu, mkono umeegemea kama kwa bahati palepale pa maandishi. AC 120V, 60Hz. Nikamwonyesha. Akacheka, akasema hiyo si kesi, nikachukue transfoma ya kushusha umeme duka la tatu, elfu sitini. Ni kweli, inawezekana. Nina rafiki anayetumia risiva ya Marekani mwaka wa nne sasa. Lakini hesabu yote: transfoma iwe na uwezo wa angalau mara mbili ya wati zilizoandikwa mgongoni mwa risiva, maana zile za bei rahisi zikisema 1000 huwa zinajisifu. Inapata joto, nyingine zinavuma usiku mkiwa kimya, na siku mgeni au mtoto akiichomoa plagi ya risiva na kuirudisha ukutani moja kwa moja, mchezo umeisha. Nina watoto wawili na mdogo wangu anayependa kuchaji simu popote. Nikaiacha.

Yamaha kule kwingine ilikuwa imetoka Ulaya. 230V, 50Hz. Nikavuta stuli nikakaa.

Dukani watakuwashia muziki wa simu kwa Bluetooth, besi juu, utatikisa kichwa, utatoa hela. Muziki wa simu ni wa chaneli mbili, kwa hiyo mara nyingi umejaribu spika mbili za mbele tu. Tatu nyingine zinaweza kuwa zilikufa Ujerumani. Mwambie aingie kwenye menyu ya spika awashe mlio wa majaribio. Utasikia shhhh inahama: kushoto, katikati, kulia, nyuma, nyuma. Kama dukani kuna spika moja tu, haidhuru, aihamishe tundu kwa tundu. Mimi nilifanya hivyo na muuzaji alinuna mpaka tulipofika chaneli ya nne, kisha akaanza kupendezwa mwenyewe. Sikiliza pia ile "tak" ndani sekunde chache baada ya kuwasha. Hiyo ni swichi ya ulinzi inayoruhusu spika. Isipotoka, au mashine ikijizima yenyewe, shika njia.

Kisha HDMI. Kwenye mashine zilizotumika ndiyo inayotangulia kufa, hasa kwenye umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, na sauti inaweza kuendelea kutoka vizuri kabisa kwa njia nyingine huku bodi ya HDMI ni marehemu. Nilienda na waya wangu na kompyuta ndogo, nikachomeka tundu moja baada ya jingine. Yote manne yakaleta picha. Angalia na skrubu za juu: zikiwa zimechubuka vichwa, imeshafunguliwa, na una haki ya kuuliza kwa nini.

Jambo ambalo sikulijua mpaka siku hiyo ni la maiki. Risiva hizi huja na maiki ndogo yenye waya mrefu. Unaiweka mahali unapokaa, mashine inapiga milio yake, inapima umbali wa kila spika na tabia ya chumba, kisha inajirekebisha. Kwa jambo hili Denon ni bora, na nalisema waziwazi: mfumo wake wa Audyssey kwenye ile X1600H unapima hadi sehemu nane za sebule, wakati YPAO ya hii Yamaha inapima sehemu moja. Kama zote zingekuwa mpya ndani ya boksi, na zote za 230, ningechukua Denon kwa sababu hii peke yake. Ila ile Denon haikuwa na maiki. Imebaki Marekani kwenye droo ya mtu. Na huwezi kuchukua maiki ya kampuni nyingine, kwa sababu kila mfumo umetengenezwa ukijua tabia za maiki yake. Yamaha ilikuwa na yake, imeviringishwa kwa lastiki ndani ya mfuko wa nailoni.

Atmos je? Atmos inataka spika juu, kwenye dari, au zinazorusha sauti darini irudi. Mimi ni mpangaji. Mwenye nyumba alininunia wiki nzima kwa msumari mmoja wa saa ya ukutani. Chaneli saba kwangu zingekuwa tano zinazofanya kazi na mbili za kuhadithia wageni.

Halafu jiulize unaangalia nini hasa. Kwangu ni taarifa ya habari, mpira, tamthilia, na sinema zilizotafsiriwa na madijei, ambazo sauti yake ni chaneli mbili, nyingine ni moja iliyorudiwa. Hapo spika inayobeba nyumba ni ya katikati, ile ya maneno. Risiva zote mbili zina namna ya kuchukua chaneli mbili na kuzitawanya, maneno yakienda katikati. Wiki ya kwanza mke wangu alilalamika kwamba muziki wa tamthilia unameza maongezi. Nikaingia kwenye menyu, nikaongeza spika ya katikati desibeli 2, basi. Hajawahi kuniuliza tena hii mashine ina wati ngapi.

Nikalipa laki sita na ishirini. Mkononi ilikuwa na uzito wa kilo nane na kitu, nikaibeba kwenye bajaji nimeipakata kama mtoto.

Kosa nililokaribia kufanya nyumbani lilikuwa kuunganisha spika za hom thieta yangu ya zamani. Nyingi ya zile ni omu 3, na risiva nyingi za nyumbani zinaandika mgongoni kwamba spika zisipungue 6. Ukilazimisha itapiga, tena vizuri, mpaka siku ya sherehe uongeze sauti, ijizime au iungue. Sabufa ya hiyo hom thieta nayo haifai, kwa sababu tundu la sabufa kwenye risiva halitoi nguvu, linatoa ishara tu. Unahitaji sabufa yenye amplifaya ndani yake na plagi yake ya umeme. Nilipata moja iliyotumika baadaye, miezi miwili nikaishi bila besi ya maana na sikufa.

Waya wa spika nilinunua wa milimita za mraba 1.5, unatosha kwa sebule ya kawaida. Kabla ya kulipa, kwangua ncha kwa kisu. Ikiwa nyekundu mpaka ndani ni shaba. Ikiwa nyeupe chini ya rangi, ni alumini iliyopakwa shaba, na bei ishuke.

Usiifungie kabatini. Mimi nimeacha nafasi ya kiganja kizima juu yake, na kitambaa cha kufuma cha mama mkwe kimehamishiwa kwenye friji. Nimeiwekea na kilinda umeme, kile cha friji kinachosubiri dakika chache umeme ukirudi. Kelele za "mbona TV inawaka na sauti haipo" nimeshazizoea.

Juzi mwenye Denon alinipigia simu. Bado anayo. Ameshuka hadi laki saba, tena ana habari njema: maiki imepatikana. Nikamwomba anisomee imeandikwa nini.

Akakaa kimya kidogo. "Yamaha," akasema.