Bodalaini: sio lazima iwe DBT

Ukishaambiwa una bodalaini (borderline personality disorder, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kwa kasi na hofu ya kuachwa) kila mtu anakwambia tafuta DBT, tiba ya maongezi inayokufundisha mbinu za kutuliza hisia, kama vile hakuna kingine. Mimi nimepita DBT hapa Toronto na baadae nikahamia kwa daktari wa akili wa kawaida, kwahiyo naongea nilichokiona.

DBT ni ya mwanasaikolojia Marsha Linehan wa Seattle, ambae 2011 alisema hadharani na yeye aliwahi kulazwa kwa kujiumiza. Shughuli ya DBT sio mchezo: kila wiki kikao cha peke yako, darasa la kikundi masaa mawili na zaidi, halafu ile karatasi ya kujaza kila siku, hasira ngapi, hamu ya kujiumiza ngapi, umetumia mbinu gani (nusu ya kikundi chetu walikuwa wanaijazia kwenye basi, wiki nzima kwa mpigo, wino uleule). Kilichonifaa zaidi ni kitu cha ajabu, unabana pumzi unatumbukiza uso kwenye beseni la maji baridi, mapigo ya moyo yanashuka na akili inarudi. Ila mwenye shida ya moyo aulize daktari kwanza.

MBT, tiba nyingine ya maongezi ya kina Bateman na Fonagy wa London, ya kujifunza kuelewa yaliyo akilini mwako na mwa wengine, haina madarasa mengi hivyo, mnachambua tu: hajajibu meseji, umejuaje kakuchoka, si anaweza kuwa kalala? Kwa sisi ambao tiki mbili za bluu bila jibu ni talaka, hapo pana kazi.

Sasa sikia, 2009 hapahapa Toronto mtafiti Shelley McMain na wenzake walichukua wagonjwa 180, wengine DBT, wengine huduma ya daktari wa akili iliyopangwa vizuri, mwaka mzima, na pande zote kujiumiza kulipungua bila tofauti ya maana. Kwahiyo kama ulipo hakuna DBT usikae unasubiri. Tafuta mtu anaeujua huu ugonjwa, anaekutajia jina la ugonjwa bila kuzunguka na anaeuliza kuhusu kazi yako, sio mapenzi tu. Siku ya kwanza muulize: nikizidiwa saa nane usiku nampigia nani? Kwenye DBT unampigia terapisti kabla hujajiumiza, ukishajiumiza kwa kawaida unasubiri masaa 24, na mimi hiyo sheria ilinikera kweli ila ilifanya kazi.

Dawa ya bodalaini yenyewe haipo, za usingizi na sonona zipo, lakini ukipewa mfuko wa vidonge vya aina nne bila maongezi, uliza kila kimoja ni cha nini, na usiache ghafla.

Na kama sasa hivi uko pabaya acha kusoma, mwamshe mtu hapo nyumbani muende emajensi.