Aliyefungwa relini kwanza alikuwa mwanamume

Ndugu, umeuliza ile sinema ya dada aliyefungwa relini akimsubiri steringi ilianzia wapi. Nenda nyuma hata kabla ya sinema. Mwaka 1867 huko New York, Augustin Daly alionyesha tamthilia ya "Under the Gaslight". Anayefungwa relini humo ni mwanamume, Snorkey, askari mstaafu mwenye mkono mmoja. Laura, aliyefungiwa kwenye kibanda cha reli, anavunja mlango kwa shoka na kumfungua treni ikiwa karibu kabisa kumkanyaga. Snorkey anashangaa: wanawake kama hawa ndio wananyimwa kura!

Kwa mwanamke, mfano maarufu ni mwigizaji Mabel Normand mwaka 1913, kwenye filamu ya "Barney Oldfield's Race for a Life". Lakini ile ni vichekesho. Mack Sennett, aliyeiongoza filamu hiyo, alikuwa anaidhihaki michezo ya kuigiza ya kale. Watu wamekariri picha, wakasahau utani.

Mimi nampenda zaidi Helen Holmes katika mfululizo wa filamu wa "The Hazards of Helen", ulioanza 1914. Anacheza mfanyakazi wa reli anayetuma na kupokea simu za maandishi (telegrafu), na treni anairukia mwenyewe. Inaniuma kwamba huyu hatajwi.